Jinsi ya kumngoja Bwana ukiwa kazini

Kazi yangu ni kutunza nyumba ya mtu ambaye hayupo. Tangu 2004 nashika funguo za nyumba ya mzee mmoja Mwitaliano upande wa Casuarina, hapa Malindi: vyumba vinne, paa la makuti, bwawa la kuogelea, na minazi 11 uani. Mwenyewe huja Desemba, kaskazi inapovuma, hukaa mpaka Februari, na miaka mingine hurudi Agosti. Miezi iliyobaki ni mimi mchana na mlinzi usiku.

Kanisani kwetu Muyeye mimi ni mweka hazina. Mwaka huu nimepewa pia darasa la wanaojiandaa kubatizwa. Tulipofika Mathayo 24, kijana mmoja fundi wa pikipiki akaniuliza: "Mama Kadzo, Yesu anasema kesheni. Sawa. Sasa Jumatatu saa moja asubuhi nifanye nini?" Sikuwa na jibu la papo hapo. Nikamwomba anipe wiki moja. Haya ndiyo niliyomwandalia, nikiyatoa humo humo kwenye kazi ninayoijua.

Andika ulichokabidhiwa

Biblia yetu inatumia neno wakili. Siku hizi ukilitaja, mtu anamwona yule wa mahakamani mwenye joho jeusi. Lakini wakili wa Luka 12:42 ni mtu aliyewekwa juu ya nyumba ya mwingine ili awape watu posho kwa wakati wake. Hana chake pale. Ana funguo tu.

Siku yangu ya kwanza yule mzee hakunipa funguo mpaka tulipozunguka nyumba nzima na karatasi. Sahani 24. Mashuka jozi 16. Feni sita, mitungi miwili ya gesi, viti vya ukumbini vinane. Kila kitu tulikigusa kwa mkono, nami nikatia sahihi chini. Nilirudi nyumbani nimeudhika, nikidhani haniamini. Ilinichukua mwaka kuelewa kwamba karatasi ile ilinilinda mimi kuliko yeye. Hakuna aliyeweza kunisingizia kijiko ambacho hakikuwapo, wala mimi sikuweza kujisahaulisha kilichokuwapo.

Kwa hiyo nunua daftari la wanafunzi, keti nalo jioni moja, uandike ulivyopewa. Usiandike "baraka nyingi." Andika kama unayekabidhiwa nyumba. Kwangu mimi ukurasa wa kwanza unasema hivi: afya, isipokuwa goti la kulia. Watoto watatu, mmoja bado yuko shule. Shamba la ekari mbili Ganda, lenye mikorosho saba na minazi. Sauti ya kuimba. Mshahara wa shilingi 18,000. Jumapili alasiri, ambayo ni yangu mwenyewe. Mama mkwe. Ndiyo, mama mkwe nimemwandika, maana nimekabidhiwa na yeye pia.

Yule fundi aliniambia hana cha kuandika. Nikamfungulia ule mfano wa talanta, Mathayo 25. Watu wengi husoma talanta wakidhani ni sarafu fulani ndogo, na yule aliyepewa moja wanamwonea huruma. Talanta ilikuwa uzani wa fedha wenye thamani ya dinari 6,000 hivi, na dinari moja ndiyo mshahara wa kibarua wa siku nzima, kama mfano wa wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 unavyoonyesha. Sasa piga hesabu ya hapa kwetu. Ukimlipa kibarua shilingi 500 kwa siku, talanta moja ni shilingi milioni tatu. Huyo ndiye aliyepewa kidogo kuliko wote! Akachimba shimo akazifukia. Kijana alikaa kimya, kisha akaandika "mikono" na "spana za baba."

Pesa ya dawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka.

Kila mwezi mzee alikuwa akinitumia, pamoja na mshahara, shilingi 3,500 za dawa ya bwawa. Mwaka 2011, mwezi wa pili, mzee alipokwisha ondoka, binti yangu mkubwa alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nilikuwa na pesa ya dawa mkononi. Nikajiambia: mwenye nyumba haji mpaka Desemba. Maji yatakaa tu. Nitalipa karo sasa, halafu Novemba nitanunua dawa ya kutosha na bwawa litakuwa safi atakapofika. Hakuna atakayeumia.

Mwezi uliofuata nikafanya vivyo hivyo. Na uliofuata. Mara ya nne hata sikujiambia kitu.

Nataka uone jinsi ilivyokwenda. Sikuamka siku moja nikasema nitaiba. Nilisema "haji sasa." Soma Mathayo 24:48 uone yule mtumwa mbaya alianzia wapi: alisema moyoni mwake, "Bwana wangu anakawia." Kupiga wenzake na kula na walevi kulikuja baadaye. Sentensi ile ndiyo mlango.

Juni, masika bado hayajaisha, nikiwa nyuma ninaanua nguo, nikasikia geti. Mzee alikuwa amefiwa na mke wake na hakutaka kukaa kwao peke yake. Alikuja bila kumpigia mtu yeyote simu. Aliweka begi barazani akaenda moja kwa moja mpaka kwenye bwawa, mahali ambapo yeye na marehemu walikuwa wakiketi asubuhi. Maji yalikuwa kijani kibichi, mazito kama uji wa majani, na vyura wamo.

Hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Pesa ya dawa iko wapi, mama?" Nikamwambia. Nilimwambia yote, na karo, na miezi minne. Shilingi 14,000. Alikaa kitambo, kisha akaleta kalamu, akaniambia niandike deni kwa mkono wangu na nitakavyolilipa. Nililipa 1,000 kila mwezi kwa miezi 14. Hakunifukuza. Lakini uso wake, alivyosimama pale akiwa mjane mpya mbele ya maji yale, hilo sijaacha kuliona.

Tangu hapo nina kanuni ambazo sizivunji, na nakuomba uzichukue kama zilivyo, maana zimenigharimu.

Pesa ya mtu na pesa yako zisilale pamoja. Zisilale kwenye mkoba mmoja, wala kwenye M-Pesa moja. Nina laini ya pili ya simu kwa ajili ya pesa ya nyumba tu, na risiti zake zimo kwenye bahasha ya kaki. Sadaka ya kanisa huhesabiwa na watu wawili, hapo hapo mezani kabla ya yeyote kutoka, wote wawili wanatia sahihi, na Jumatatu inakwenda benki. Mtu akikuambia "si tunaaminiana, dada, nenda nayo tu nyumbani," kataa. Anakutega bila kujua. Mimi nilikuwa naaminiwa.

Usikope kwenye kitu ulichowekewa. Hata kwa saa moja, hata kama una hakika utarudisha. Ukiwa na shida, mpigie mwenyewe umwombe. Siku hizi najua yule mzee angenikopesha ile karo. Niliogopa kuomba, nikaona kuchukua ni rahisi. Kwa Mungu ndivyo ilivyo pia. Watu wengi wanaojikatia wasichopewa ni watu ambao hawajawahi kuomba.

Na zaka itoke kwanza. Ninapopokea 18,000, ile 1,800 inatoka kabla sijanunua unga. Si kwamba 16,200 iliyobaki ni yangu nifanye nitakalo. Zaburi 24 inaanza kwa kusema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, kwa hiyo na ile 16,200 ni yake. Zaka kwangu ni kama ile sahihi ya siku ya kwanza: inanikumbusha kila mwezi ni nani mwenye nyumba.

Turudi kwa yule fundi na Jumatatu yake. Nilimwambia: saa moja asubuhi fungua banda lako. Mteja akikulipia spea halisi, mfungie spea halisi, na ile mbovu umrudishie mkononi aione. Kaza nati zote, hata zile zilizojificha chini ya injini. Huko ndiko kukesha. Mimi Jumatatu saa moja nafungua madirisha yote ya nyumba isiyo na mtu, kwa sababu kusi ikivuma ukungu huota kwenye kabati na chumvi ya bahari hula bawaba. Natia bawaba mafuta. Natazama miguu ya vitanda kama mchwa wamepanda. Makuti yaliyooza yabadilishwe kabla ya Aprili, mvua haimngoji fundi. Hakuna anayeniona. Heri mtumwa yule, anasema Yesu, ambaye bwana wake ajapo atamkuta akifanya hivyo. Atamkuta akifanya. Hakusema atamkuta amesimama getini anaangalia barabara.

Jaza koroboi kabla ya magharibi

Nimelelewa Ganda, na hatukuwa na stima. Kazi yangu ya jioni ilikuwa koroboi: kufuta masizi, kukata utambi uliochomeka, kujaza mafuta ya taa. Mama alikuwa mkali juu ya jambo moja: ijazwe jua lingali juu. Kwa nini? Kwa sababu koroboi inayowaka haijazwi. Ukiimiminia mafuta ikiwa na moto, utajichoma wewe na nyumba. Ikikuishia usiku, lazima uizime kwanza, ukae gizani ukipapasa dumu na kibiriti, na mafuta nusu yamwagike chini.

Ndiyo maana wale wanawali watano wapumbavu wa Mathayo 25, waliokwenda kumlaki bwana arusi na taa bila mafuta ya akiba, wananiuma sana. Wote kumi walisinzia, wenye busara na wapumbavu. Usingizi haukuwa kosa. Tofauti ilikuwa jambo walilolifanya mapema mchana, wakati hakuna haraka. Na wale wenye busara walipokataa kugawa mafuta, hawakuwa wachoyo. Kuna vitu haviazimwi. Huwezi kuniazima miaka kumi ya kuomba siku daktari anaponiambia habari mbaya.

Jinsi ninavyojaza mimi ni hivi, na ni kitu kidogo. Naamka saa kumi na moja, waadhini wa upande wa Shela wakianza ndiyo saa yangu. Nasoma sura moja, sirukirukii. Nimeanza Luka na nitaimaliza Luka. Naomba kwa majina: watoto, mama mkwe, mzee, mlinzi, wale wa darasa. Halafu nanyamaza kidogo. Jumla ni dakika ishirini. Nimewahi kujaribu saa mbili, nikaacha baada ya siku nne, kisha nikakaa mwezi mzima bila chochote. Afadhali kijiko kila siku kuliko dumu mara moja kwa mwaka. Jioni kabla ya kulala nauliza swali moja: leo kuna mtu nimemkosea? Kama yupo na simu yake ninayo, napiga. Si kesho.

Huku kukesha ambako si kukesha

Sisi wa Malindi hatuwezi kufundisha habari ya kumngoja Bwana tukajifanya Shakahola haikutokea. Aprili 2023 magari yalianza kuleta miili kutoka kule msituni hadi mochari ya hapa mjini, na yaliendelea miezi. Zaidi ya watu 400 walifukuliwa, watoto wengi miongoni mwao. Waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakakutane na Yesu.

Nilimjua mama mmoja aliyekwenda. Tulikuwa tukiuza pamoja korosho. Miaka miwili kabla, aliwatoa watoto shuleni, akaniambia elimu ni ya shetani na kwamba mimi nimelala usingizi wa dunia. Akauza mbuzi. Akauza kishamba. Nilimwona ana bidii kuliko mimi, nikajiuliza kama kweli nimelala. Sikumbishia. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa akitaja Biblia, na hilo ninalijutia mbele za Mungu.

Basi ukialikwa kwenye mafundisho ya siku za mwisho, pima hivi. Je, anataja tarehe, au anakuhimiza kana kwamba anaijua? Mathayo 24:36 inasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika. Anayekuambia anajua zaidi ya malaika, ondoka. Je, anakutenga na ndugu zako, na hospitali, na shule ya watoto? Mtumwa mwaminifu aliwekwa awape watu posho yao. Anayewanyima watoto chakula ili kumpendeza Bwana amefanya kinyume cha kazi yenyewe aliyoachiwa. Je, anakuambia uache kazi? Wathesalonike nao walifadhaishwa na uvumi kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na wengine wakawa hawafanyi kazi yoyote. Paulo akawaandikia wafanye kazi kwa utulivu na wale chakula chao wenyewe. Iko 2 Wathesalonike 3. Wafundishe wanao sura hiyo.

Kufunga ni kwema, mimi hufunga Ijumaa moja kila mwezi mpaka jioni. Lakini mwili huu umo kwenye orodha yangu, ukurasa wa kwanza, juu kabisa. Nimeutilia sahihi. Sina ruhusa ya kuubomoa.

Na ukimwona jirani anauza mbuzi na kuwatoa watoto shule, usinyamaze kama mimi. Nenda kwake. Nenda kwa chifu pia.

Karatasi

Jambo hili ni fupi lakini wengi hulikwepa. Kujiandaa kukutana na Bwana ni pamoja na kuwaachia watu wako mambo yaliyonyooka. Nimeona ndugu wa tumbo moja Ganda wakishikiana mapanga juu ya minazi, marehemu akiwa mzee wa kanisa. Andika wosia. Sheria ya Kenya inataka wosia wa maandishi ushuhudiwe na mashahidi wawili au zaidi. Chagua wasiorithi kitu. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili huwa na nguvu tu ikiwa mwenye kuutoa amefariki ndani ya miezi 3, kwa hiyo yale maneno uliyoyasema Krismasi ya miaka mitano iliyopita hayatawasaidia watoto. Andika pia unaowadai na wanaokudai. Wangu umo kwenye bahasha ya kaki, pamoja na risiti za nyumba, na binti yangu anajua ilipo.

Usiku aliokuja

Darasa liliniuliza kama kuishi hivi hakuchoshi, kila saa unamwogopa mwenye nyumba. Kwa miaka michache baada ya lile bwawa nilikuwa na hofu hasa. Kila gari likipunguza mwendo nje, moyo ulinienda mbio. Hofu ile hufanya usafi, lakini haikuachi uimbe.

Kuna mstari katika Luka 12 ambao niliusoma mara nyingi bila kuusikia, ule wa 37. Bwana anarudi usiku, anawakuta watumwa wako macho. Ungetarajia wamtengee chakula. Badala yake ni yeye anayejifunga, anawaketisha chakulani, anawahudumia.

Agosti 2019, mvua ya manyunyu, karibu saa nne usiku. Mlinzi hakuwa mzima, nami nilikuwa nimebaki ili nyumba isikae bila mtu. Geti likagongwa. Mzee alikuwa ametua Mombasa, simu imezima, akachukua teksi zile kilomita 120 gizani. Nilifungua. Mashuka yalikuwa kitandani tangu Jumatatu, kama kila Jumatatu. Taa ya baraza ilikuwa inawaka. Akaenda kwenye bwawa kwanza, kama nilivyojua ataenda, akachuchumaa kwa shida akachovya mkono majini, akautazama chini ya taa.

Nikaenda jikoni kuinjika chai. Akaja nyuma yangu, akachukua aproni kwenye msumari, akajifunga. Akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza, "Leo wewe kaa." Akampelekea mlinzi chai na dawa kibandani, akarudi, akachemsha pasta, akakatakata nyanya na vitunguu saumu, akatenga sahani mbili kati ya zile 24. Nami nikavuta kiti kimoja cha ukumbini, ambacho nilikuwa nimekifuta vumbi miaka 15 bila kukikalia hata siku moja, nikaketi.